Mume Wangu Alipoanza Kuusifu Uji

Asubuhi ya pili baada ya mume wangu kurudi kutoka Karema, alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akakishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, akanywa hadi nusu, kisha akaniuliza, "Uji huu umeutia nini?"

Nilikuwa nachochea moto. Nikamjibu bila kugeuka, "Ulezi na karanga. Kama siku zote."

"Siku zote?"

"Miaka yote hii, baba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za nchi ya mbali. "Mtamu," akasema, akaendelea kunywa polepole, akiwa ameketi.

Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi niliuacha moto, nikageuka. Mume wangu ni fundi wa mashine za kusaga, na kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu alikuwa akinywa uji huo amesimama mlangoni, mguu mmoja kwenye kiatu, simu mkono wa kushoto. Si mtu mbaya. Halewi, hapigi, hajawahi kutuacha na njaa. Lakini chakula alikuwa akikiingiza mwilini kama anayejaza dizeli kwenye injini, na nyumba yetu pale Nsemulwa, Mpanda, aliipita kama watu wanavyopita stesheni. Na neno lile, "mtamu," nilishawahi kulisikia likitamkwa hivyohivyo, kwa upole uleule. Aliyelitamka tulimzika.

Alikuwa mama yangu mzazi. Kule Kabungu alijulikana kwa jembe lake na ulimi wake, vyote vikali. Alitulea kwa kutukosoa. Ukimletea maji, kikombe hakikuoshwa vizuri. Ukimpikia, kuna kitu kimezidi au kimepungua. Siku ya harusi yangu aliliangalia gauni nililojishonea mwenyewe kwa wiki tatu, akasema bega la kushoto limepinda. Kisha mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekaribia, akaanza kusifu. Alipewa maji akasema maji haya matamu. Alikaa nje akasema mbuzi wa jirani ana rangi nzuri. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku, akasema nina vidole vya fundi. Mimi mjinga nilifurahi. Nilirudi mjini nikawaambia watu kwamba mama amelainika, uzee umemfaa. Kumbe daktari alikuwa ameshamweleza hali yake, na yeye akaamua kutotuambia. Haikupita miezi mitatu.

Tangu hapo siwaamini watu wanaosifu maji.

Na si mimi tu niliyejifunza hivyo. Kanisani kwetu, zamu ya ushuhuda inapofika, wanaosimama ni walewale: aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu akatolewa hai, aliyeumwa na nyoka shambani, aliyepasuliwa tumbo. Wote humalizia namna moja, kwamba sasa kila wakiamka na kuliona jua wanashukuru. Nilikuwa nimeshajiwekea hesabu yangu kimyakimya: hakuna anayeanza kuupenda uji bila kwanza kutishwa. Kwa hiyo asubuhi ile, mume wangu alipokirudisha kikombe na kusema asante, nilichojiuliza ni kitu kimoja tu. Nani amemtisha, na amemwambia nini?

Alikuwa amekaa Karema, kijiji cha ufukoni mwa ziwa, siku tisa. Alikwenda kutengeneza mashine ya kusaga ya mama mmoja, kazi ya siku mbili, lakini spea aliyoagiza kutoka Mpanda mjini ilipotea njiani, ikapelekwa kijiji kingine, ikabidi aisubiri. Hayo ndiyo aliyonieleza kwenye simu siku ya tatu, akifoka, mtandao ukikatika. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Aliporudi alisema, "Spea ilichelewa," akaoga, akalala. Nikaanza kuamini kwamba ndani ya siku zile tisa kulikuwa na jambo.

Nikaanza kumchunguza.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko kwenye kibaraza cha duka, karibu na soko, na pembeni yangu kuna dada anayesuka nywele. Tumekaa jirani miaka saba. Siri zangu nyingi anazo, na zake ninazo. Nilipomweleza habari ya uji, alisimamisha mkono kichwani kwa mteja.

"Amekusifu?"

"Uji. Si mimi."

"Hapo ndipo wanapoanzia," akasema. "Mwanaume wa miaka hamsini habadiliki bure, dada yangu. Ama kuna mwanamke anamfundisha adabu, ama kuna jambo zito linamsumbua. Wewe angalia tu. Utaona."

Nikaangalia, nikaona. Aliacha pikipiki nyumbani akawa anatembea kwa miguu kwenda kazini. Siku moja nilikuwa napeleka sare za shule nikamwona kwa mbali amesimama barabarani, mikono nyuma, akitazama watu wakijenga ukuta wa matofali. Alisimama pale muda wa kutosha kumaliza kushona mfuko wa suruali. Hakuwa anaongea nao. Alikuwa anatazama tu. Siku nyingine alikuja mezani kwangu mchana, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniangalia nikikata kitambaa cha bluu.

"Hupimi mara mbili?" akauliza.

"Sipimi. Mkono unajua."

"Sikuwahi kujua kwamba mkono wako unajua."

Alisema hivyo bila utani. Dada wa kusuka akanikazia macho juu ya kichwa cha mteja wake. Alipoondoka, akanong'ona, "Huyo anaaga."

Nilianza kunusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Yalinuka grisi na unga wa mahindi, kama zamani. Nikamkagua uzito kwa macho kila anapovua shati, nikihesabu mbavu. Nilimpikia ugali mkubwa kwa makusudi ili nione kama atashindwa, akaumaliza, akasema mlenda wa leo umekolea vizuri. Anaenda chooni mara ngapi, anakohoa lini, anashika wapi anapoinuka: yote niliyajua. Kama mahakama ingeniuliza, ningejibu kila swali.

Jumamosi moja alipokuwa anaoga, nikachukua simu yake. Namba ya siri ni ileile tangu ainunue. Nilipita kwenye ujumbe: wateja, mafundi wenzake, binti yetu anayesoma chuo Tabora. Hakuna neno tamu kwa mwanamke yeyote, hata kwangu. Kisha nikafungua picha, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kulikuwa na picha ya beseni letu la kufulia, limejaa povu. Picha ya kuku wetu mweupe kwenye kivuli. Ukuta wa jikoni ulivyopigwa na jua. Kandambili zangu mlangoni. Na picha ya mgongo wangu, nimeinamia cherehani, shingo inaonekana chini ya kilemba. Hakuwa ameniambia kama ananipiga picha.

Niliirudisha simu mahali pake. Mtu anayepiga picha vitu vya nyumbani kwake, nilijiambia, ni mtu anayejiandaa kuondoka.

Jumatatu nikafungua sanduku lake la vifaa. Chini ya spana, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakuta kadi ya zahanati. Tarehe zilikuwa mbili, zote za baada ya Karema. Mwandiko wa daktari sikuuelewa hata herufi. Nilisimama pale uani na ile kadi, kuku wakinizunguka miguuni wakidhani nimeleta mtama, nikasema kwa sauti, "Haya. Ndiyo hii."

Sikwenda kazini siku hiyo. Nilikwenda zahanati. Mapokezi kulikuwa na muuguzi kijana, ameketi wima, sare imenyooka. Nikampa kadi nikamwambia ni ya mume wangu, nataka kujua anaumwa nini.

Akaisoma, akanirudishia. "Mama, habari za mgonjwa anaelezwa mgonjwa mwenyewe."

"Mimi ni mke wake."

"Nimeelewa, mama. Mwambie mje wote wawili."

"Ni ugonjwa mkubwa?"

"Mama, sijasema kama ni mkubwa wala mdogo. Nimesema mje wote wawili."

Leo naona alifanya kazi yake vizuri. Siku ile niliona huruma machoni mwake, na huruma ile ikawa ndiyo majibu. Nilipopita kwa dada wa kusuka na kumweleza, hata yeye aliweka kitana chini. Kisha akasema, "Lakini usimsahau yule mwenye mashine huko Karema. Inawezekana ni vyote viwili."

Nilimwambia mume wangu kwamba kuna kwaya Karema wanataka niwapime sare. Ulikuwa uongo, sikuwa na mteja hata mmoja kule. Nilitarajia ashtuke. Mtu mwenye siri Karema hataki mke wake aende Karema. Yeye alifurahi.

"Nenda," akasema. "Ukifika, msalimie mama mwenye mashine, muulize kama mkanda unashika vizuri. Na asubuhi ukaliangalie ziwa kabla ya kufanya kitu kingine."

"Niliangalie nini?"

"Basi tu. Ukae, uangalie."

Njia nzima nilikuwa nayachambua maneno hayo. Ama hana hatia, nikawaza, ama ni mjanja kuliko nilivyomdhania. Tulipita Kabungu, nikaliona shamba la mama likiwa na watu wengine, nikageuza uso. Miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu kama ilivyo kabla ya mvua, na wenzangu garini wakawa wanasema mwaka huu yamewahi. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia huyo mwanamke.

Mashine ya kusaga haikuwa ngumu kuipata, ilisikika. Iko juu kidogo ya ufuko, upande ambao ukiinua macho unaliona kanisa la zamani la misheni. Nje, kwenye nyavu zilizotandazwa juu ya mchanga, mwanamke mnene alikuwa anageuza dagaa. Aliponyanyuka niliona amenizidi umri sana, nywele zote nyeupe, na jicho moja lina mtoto wa jicho.

"Shikamoo, mama," nikasema, ile hotuba yangu yote ikiishia hapo.

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mahindi?"

Nikamwambia mimi ni mke wa yule fundi. Uso wake ukafunguka. Akaniita ndani ya kibanda, akaniwekea kiti, akanipa samaki wa kukaanga, migebuka, na ugali kabla hajaniuliza chochote. Nilikula huku macho yakizunguka. Nikamuuliza, kama anayepiga soga, "Una mabinti, mama?"

"Watatu. Wote wameolewa, wako Kigoma." Akanitazama kwa lile jicho zima. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mh."

Akaacha nimalize kula. Alikuwa mjane, akiiendesha mashine mwenyewe tangu mumewe afariki, na nadhani alikuwa ameshaona wanawake wengi wenye maswali kama yangu. Nilipokwisha kunawa akasema, "Sema sasa kilichokuleta."

Nikasema. Nilimweleza uji, ukuta wa matofali, picha ya beseni, kadi ya zahanati. Nikamuuliza moja kwa moja kitu gani kilimtokea mume wangu katika zile siku tisa. "Aliugua? Alianguka? Alipanda mtumbwi ukataka kuzama?"

"Mtumbwi!" Akacheka hadi akashika kiuno. "Yule anaogopa maji hata ya magotini. Aliosha miguu hapo ufukoni ameshikilia jiwe."

"Basi ilikuwa nini?"

"Hakuna."

"Mama, usinifiche."

"Mwanangu, nikufiche nini? Siku tatu za kwanza aligombana na simu. Alikuwa anapanda kwenye yale mawe pale juu kutafuta mtandao, anapiga kelele, anashuka amenuna. Siku ya nne simu ikafa, umeme wa jua nao ulikuwa umeharibika. Akakaa hapo ulipokaa. Alikaa kutwa, hana la kufanya, ananitia huruma kama mbuzi aliyefungwa. Siku ya tano nikamwambia, baba, kama huna kazi nisaidie kugeuza dagaa. Akageuza. Siku ya sita akaniuliza jina la ndege. Siku ya saba akaniuliza ninaamkaga saa ngapi na kwa nini. Ya nane akanieleza habari zako."

"Zangu? Alisema nini?"

"Alisema unashona. Nikamuuliza unashonaje, unashona nini, unapenda rangi gani. Akajaribu kujibu, akashindwa. Akanyamaza mpaka jioni. Ya tisa spea ikaja, akafunga mashine, akaondoka. Ndiyo yote."

Nilimtazama kwa muda mrefu nikitafuta mahali alipodanganya. Alinivumilia. Kisha akasema, "Mwanamke hayupo. Ugonjwa mimi sijauona. Sasa ulitaka nini, mwanangu? Nikutafutie kimoja?"

Niliona aibu, lakini sitasema kwamba niliamini. Kadi ilikuwa bado kwenye pochi yangu.

Nililala kwake. Asubuhi nilikwenda ufukoni kama mume wangu alivyoniagiza, nikakaa juu ya jiwe, nikaliangalia ziwa. Lilikuwa ziwa. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa mchanga, bata wawili wakielea, na upande wa pili milima ya Kongo ikionekana kama moshi. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi ubaridi wa jiwe. Nikamuaga yule mama nikapanda gari, nikiwa nimekasirika na ziwa lenyewe.

Nilimkabili Jumapili mchana, baada ya kutoka kanisani. Alikuwa amekaa uani, shati amelivua, anamenya mhogo; hilo nalo lilikuwa jambo jipya. Niliweka kadi juu ya meza mbele yake.

"Nieleze," nikasema. "Usinifanyie alivyotufanyia mama."

Akaitazama kadi, akanitazama mimi. Kisha akafungua mdomo wake wazi kabisa, akavuta shavu kwa kidole kichafu cha mhogo. Upande wa chini, kulia, kulikuwa na pengo.

"Jino?" nikasema.

"Gego. Lilinisumbua tangu Karema. Walinipa dawa kwanza, nikarudi wakaling'oa."

"Na kwa nini ulificha kadi?"

Akaona haya. "Nililia," akasema. "Wakati wanang'oa. Kulikuwa na mtoto wa shule kwenye foleni, yeye hakulia. Sikutaka ujue."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kama kikohozi, sikuweza kukizuia, na nikicheka nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi na machozi yananitiririka. Yeye naye alianza kucheka. Ndipo nikafanya kosa la kumweleza mengine yote: simu, zahanati, dada wa kusuka, kwaya ambayo haikuwepo.

Akaacha kucheka.

"Ulikwenda Karema kunichunguza?"

"Nilidhani unakufa."

"Ukafurahi umekuta sifi?"

"Nilidhani kuna mwanamke, kisha nikadhani unakufa, kisha nikadhani vyote viwili. Baba, wewe ungedhani nini? Miaka ishirini na miwili hukuwahi kusema uji mtamu."

"Kwa hiyo mpaka niugue ndipo nina haki ya kuusifu uji?"

"Ungekuwa unaumwa ningekuelewa," nikasema. Nilipojisikia nikisema hivyo, nikaziba mdomo kwa mkono.

Aliinuka, akavaa shati, akatoka. Hakwenda mbali, nilimwona amesimama kwenye kona ya uzio. Siku mbili hakuongea nami zaidi ya salamu. Alirudia kunywa uji amesimama, na mimi nilimtazama akifanya hivyo nikajua kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha.

Siku ya tatu nilimweleza habari za mama. Alizijua, alikuwepo msibani, alibeba jeneza. Lakini sikuwahi kumwambia jinsi nilivyofurahia zile sifa na jinsi furaha ile ilivyonigeuka baadaye, kwamba kila neno zuri alilolisema mama katika miezi ile nililiona ni sehemu ya ugonjwa wake, kama homa. Nilimwambia hata lile la vidole vya fundi sikulipokea. Nilidhani ni maumivu yaliyokuwa yanaongea.

Alisikiliza hadi mwisho. "Mama yako alikuwa anaumwa," akasema. "Mimi nilikosa tu cha kufanya. Nilikaa pale kwa yule mama nikawa namtazama. Anageuza dagaa, anapumzika, anaangalia maji, anarudi kugeuza. Nikawaza, na kwangu kuna mtu anafanya mambo yake kila siku, na sijui anavyofanya. Nikaona hamu ya kurudi kuangalia. Hakuna zaidi."

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna. Ningekuwa na hadithi kubwa ningekupa."

Ningependa kuandika kwamba siku hiyo shaka yangu ilikwisha. Haikwisha. Nilimpeleka kupima presha na sukari, akakubali kwa kunionea huruma, akakutwa mzima kuliko mimi. Hata hivyo niliendelea kumtazama, kwa sababu miezi miwili ya kupeleleza ilikuwa imenitia mazoea ambayo sikuweza kuyaacha. Nilijua sasa kwamba anafunga kamba ya kiatu cha kushoto kwanza. Nilijua kwamba akiosha uso anaguna wimbo wa kanisani, ubeti wa pili tu, labda wa kwanza haujui. Nilijua saa ambayo jua linafika kwenye ule ukuta wa jikoni, kwa kuwa nilikuwa nalingoja ili nimwone anavyoutazama. Nilivikusanya vitu hivi vyote vikiwa ushahidi wa msiba. Msiba haukuja, na vitu vikabaki mikononi mwangu, nisijue pa kuviweka.

Yeye naye hakugeuka malaika. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, anafoka kama zamani. Kuna asubuhi anakunywa uji huku anaongea na simu na hajui kama ni ulezi au mchanga. Zamani ningesema ndivyo alivyo. Siku hizi namgonga bega, namwambia, "Kaa." Anakaa.

Mvua za kwanza zilipofika nilikuwa nyumbani peke yangu, nimebakiza sare nne za kumalizia. Ilinyesha asubuhi, kwa fujo, ikapiga mabati hadi sikusikia cherehani yangu. Ilipokatika, kina mama walipita njiani na mabeseni ya uyoga wamefunika kwa majani, wakiongea Kikonongo na kucheka, miguu imejaa udongo mwekundu. Nikanunua fungu. Kisha nikachukua simu nikampigia binti yetu Tabora. Sikuwa na shida. Nilitaka kumwambia jinsi uyoga ulivyonuka, na kwamba kuku mweupe amelowa hadi anaonekana mdogo kama ngumi.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "umepima lini mara ya mwisho?"

"Kupima nini?"

"Mama, niambie ukweli. Baba yuko wapi? Naomba niongee na baba."

Nilimwambia baba yuko kazini na mimi ni mzima. Hakuniamini. Nilijua kwa sauti yake, kwani ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Akampigia baba yake, naye akamjibu kwamba mama haumwi, ni uyoga tu, jibu ambalo lilimtia binti hofu zaidi. Chuo kilipofunga alikuja siku hiyohiyo, hakupitia hata kwa rafiki zake. Aliniangalia nikila. Aliniangalia nikipanda ngazi za kibaraza. Nilimkuta siku moja chumbani amefungua droo yangu, akajifanya anatafuta uzi.

Sikumgombeza. Nilijua hakuna neno ningeweza kumwambia ambalo lisingeongeza shaka yake, hivyo nilimwachia atafute. Asubuhi iliyofuata alikuja nami kazini, akakaa kwenye benchi la wateja, kidevu mkononi, macho hayabanduki kwangu. Nilikuwa nakata kitambaa cha kijani, gauni la mteja wa Kabungu. Alikaa hivyo karibu saa nzima.

"Mama," akasema mwishowe, "hivi hiyo shingo unaikata bila kuchora?"

Nikamsogezea mkasi na kipande cha kitambaa kilichobaki, nikamwambia avute benchi karibu.